Mikono ya Tumu na Nyota ya Msellem

Nitaanza na mikono, kwa kuwa ndiyo iliyoleta maneno yote. Tumu binti Omar, dobi wa mtaa wa Shela hapa Malindi, alikuwa mwanamke mdogo wa umbo mwenye mikono mikubwa, na kwa karibu miaka minne mikono hiyo haikuonekana bila hina. Watu walidhani anapenda kujipamba. Kila Alhamisi jioni aliponda hina yake akaipaka vidole vyote mpaka kwenye kifundo, na mumewe, Msellem, alimtania kwamba yeye ameoa bi harusi asiyekwisha. Lakini Msellem alijua, na mimi nilijua, kwamba ile hina ilikuwa ya kufunika. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, imepasuka kwenye maungio ya vidole, na siku za kazi nyingi ilitoa maji.

Mimi naitwa Shekha. Nyumba yangu na yake zimegawana ua mmoja na kisima kimoja, na kazi yetu ilikuwa moja. Yeye amenizidi miaka kumi hivi, ndiyo maana namwita da Tumu. Sitasema nilikuwa rafiki yake wa chanda na pete, kwa sababu anayefua kutwa jua kichwani hana muda wa urafiki wa namna hiyo. Tulikuwa tukiinama upande huu na upande huu wa kisima, tunafikicha kanzu za watu, na jioni kila mmoja anashika kiuno chake anaingia ndani.

Maji ya kisima chetu yana chumvi. Sabuni ya mche utaisugua mpaka mkono uchoke, povu haliji, unapata utando wa kijivu unaoganda kwenye nguo. Kwa hiyo tulifulia maji ya kisima na kusuuzia maji matamu ya bomba, na maji matamu alileta Msellem. Alikuwa hamali wa maji, mwenye mkokoteni wake na madebe yake, akiuzia mikahawa na nyumba za watu wenye nafasi. Safari ya mwisho ya kila siku ilikuwa ya mkewe. Madebe manne. Kuna siku nilimwona amechoka mpaka anaburuza miguu, na bado akayashusha yale manne, akayafunika kwa kawa vumbi lisiingie, ndipo akaketi.

Mwaka wa themanini na moja tukapata kazi ya nyumba moja ya wageni, kule upande wa ufukweni. Shuka, foronya, taulo, mafungu kwa mafungu. Mletaji alikuwa Dorcas, mama wa Kigiriama aliyekuwa msimamizi wa vyumba, na pamoja na shuka alileta sabuni ya unga kwenye gunia lisilo hata na jina. Wageni walitaka weupe wa kuumiza macho, na unga ule uliutoa. Ulitoa povu hata kwenye maji ya chumvi. Tulifurahi kama watoto. Hata kanzu za wateja wetu wa zamani tukaanza kuzifulia ule ule unga, maana nani atarudi kusugua mche akiwa ameonja wepesi?

Haukupita mwezi, da Tumu akaanza kujikuna. Kwanza katikati ya vidole, kisha nyuma ya kiganja, kisha ngozi ikakauka na kupasuka. Tukasema ni jua. Tukasema ni maji ya chumvi. Hatukusema ni sabuni, na sababu yake ni mimi. Mimi nilifua kwa unga ule ule, saa zile zile, karai kwa karai, na mikono yangu haikupata hata chunusi. Kila alipoishuku sabuni nilimwonyesha viganja vyangu, naye akanyamaza.

Alijaribu kila alichoambiwa. Mafuta ya nazi asubuhi na jioni. Maji ya mwarobaini. Mifuko ya plastiki aliyojifunga kwa kamba kwenye kifundo, ikatoboka siku ya kwanza na kukusanya maji ndani, ikawa mbaya zaidi. Ndimu, ambayo nusura imtoe roho. Alikwenda zahanati, akapewa dawa ya kupaka na kuambiwa asiguse maji kwa wiki mbili. Alirudi akiniambia habari hiyo huku anakunja shuka, na wala hakucheka. Dobi aambiwe asiguse maji. Shuka za Jumatatu zinakuja Jumatatu, sikukuu zinakuja na kanzu zake, na Msellem peke yake asingeweza kuilisha nyumba kwa kusukuma mkokoteni. Alipaka hina, akainama tena.

Sasa niseme habari ya nyota, maana bila hiyo mtu hatafahamu tuliyoyafanya. Huku kwetu, zamani hizo na hata sasa kwa wengine, kabla ya kuozesha watu huhesabiwa nyota. Mwalimu hupewa jina la mume na la mamake, jina la mke na la mamake, akahesabu kwa kitabu chake, akasema kama nyota za wawili hao zinapatana. Mama yake Tumu alipeleka majina kwa Mwalimu Awadh, na mwalimu akasema ya Tumu ni ya maji na ya Msellem ni ya moto. Akasema ndoa itakaa, ila mke atalipa kwa mwili wake. Tumu alikuwa amekwisha kumpenda Msellem. Akaolewa, akakaa naye miaka ishirini na mbili, akamzalia binti ambaye sasa ameolewa Mambrui. Mwili wake haukuwa na dosari miaka yote hiyo, na maneno ya mwalimu yalisahaulika.

Mikono ilipoharibika, yakakumbukwa. Aliyeyakumbusha ni mama mdogo wa Tumu, bibi mmoja wa Mambrui mwenye ulimi usiolala. Alikuja kumtazama mgonjwa, akaishika mikono ile, akasema mbele ya Msellem mwenyewe, "Sisi tuliambiwa." Hakuongeza neno. Angeongeza ingekuwa afadhali, tungepata la kujibu.

Kisha ukaja mwaka wa themanini na nne. Masika yalipoingia, Msellem alipata kazi ya kubeba mawe ya ujenzi Magarini, akaenda wiki tatu. Na wiki hizo tatu mikono ya da Tumu ikapoa. Ngozi ilianza kufunga. Alirudi Msellem, na haikuchukua siku kumi, ikapasuka upya. Leo najua kwamba masika wageni hawaji, nyumba ya wageni hufungwa ipakwe rangi, na wiki zile hatukufua shuka hata moja. Nililijua hata wakati ule. Nilikuwa hapo hapo, nimekaa bila kazi. Lakini mtu akishapewa sababu, haangalii kando.

Jioni moja baada ya isha nilikuwa jikoni kwangu, na ukuta wetu wa makuti haufichi neno. Nikamsikia Msellem.

"Tumu, nimefikiri sana. Kama ni mimi, basi nikuache upone. Nitahamia kwa Fatu. Maji nitakuletea vile vile."

Fatu ni dadake mkubwa, anakaa mtaa wa pili.

"Uniache, kisha uniletee maji," alisema da Tumu. "Watu watatuona tuna wazimu. Kula, chakula chapoa."

Alikula. Hakulisema tena. Ila tangu siku hiyo alitandika mkeka wake kwenye ukumbi wa nje, akidai ndani kuna joto, na mkewe alipotaka kumpokea debe alimwambia aliache, atalitua mwenyewe.

Mwisho wa Septemba, mwaka wa themanini na tano, Msellem alianguka karibu na soko, mkono bado umeshika mkokoteni. Walisema ni presha. Aliletwa nyumbani, akakaa siku moja na nusu, akafariki. Alikuwa mtu mwema, nami namwandika hivyo bila kupamba. Tulimzika, tukasoma, na da Tumu akaingia eda.

Eda ya kufiwa na mume ni miezi minne na siku kumi. Mke hatoki ila kwa dharura, havai nguo za rangi, hajitii manukato, hapaki hina. Kwa da Tumu hata kazi ya kufua ilisimama, maana hakuna anayepeleka nguo zake chafu kwa mjane aliye ndani ya eda. Shuka nilichukua mimi zote. Nguo zake mwenyewe alifua bintiye kila alipokuja, kwa kipande cha mche. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, yule mwanamke alikaa kitako. Na wanawake tuliokwenda kumtazama tukaona kile ambacho hina ilikuwa imeficha, maana ya mwisho ilikuwa imefifia na nyingine hairuhusiwi. Vidonda vyote vilikuwa nje. Wengi walishtuka. Halafu, wiki baada ya wiki, tukaviona vikifunga.

Ikafika siku ya kumtoa eda. Fatu alikuja na leso mpya na bakuli la hina aliyoiponda mwenyewe. Mamake mdogo alikuja kutoka Mambrui. Da Tumu alikoga, akavishwa, akaketi mkekani, akanyoosha mikono ili apakwe. Ilikuwa mikono mizima, laini, ngozi imerudi kuwa ya rangi moja. Nami, kwa mdomo wangu huu, kwa furaha, sikukusudia ubaya wowote, nikasema:

"Mashallah. Tangu Msellem afariki, mikono imepona."

Mamake mdogo alitikisa kichwa taratibu. Fatu alibaki na hina kidoleni, akaifuta kwenye ukingo wa bakuli, akaondoka bila kumpaka.

Neno langu lilitembea. Baada ya siku tatu lilikuwa sokoni, baada ya wiki lilikuwa Mambrui, na kila lilipopita liliongezwa. Nyota ya Msellem ilikuwa ikimla mkewe. Msellem alijua na hakumwacha. Msellem alikuwa na uso wa upole na kitu kingine ndani. Watu waliokunywa maji yake miaka ishirini wakaanza kusema kwamba hata maji yale walikuwa wakiyaonea shaka. Fatu alikata mguu nyumbani kwa wifiye. Akipita njiani hanijibu salamu, na sikumlaumu.

Nilikwenda kumwomba radhi da Tumu. Nilimkuta amekaa kizingitini, mikono imelala mapajani, mitupu.

"Sikukasirikii wewe," alisema. "Nimechoka tu, Shekha. Nimechoka mpaka hasira imenishinda." Akasogea nami nikakaa. "Wajua siku ile ya mwisho? Alikuwa hawezi kusema. Nilimshika mkono, akauondoa. Nikamshika tena, akauondoa tena. Alidhani yuwaniunguza. Amekufa na hilo."

Akaigeuza mikono yake mapajani.

"Na mimi sijui," alisema. "Hilo ndilo linaloniua. Naitazama hii mikono, nasema labda ni kweli. Nataka nijue. Na kama si kweli, nataka Fatu ajue."

Aliyetufungua macho ni Dorcas, naye hakujua kama anafungua chochote. Alikuja na mafungu yake ya Jumatatu, akampa da Tumu pole ya eda, akamshika mikono.

"Shekha kaniambia sasa hivi kwamba ilichunika. Imepona hii," alisema. "Ndivyo alivyopona na Kadii."

"Kadii yupi?" aliuliza da Tumu.

"Aliyekuwa akifua kabla yenu. Mikono yake ilichunika vivyo hivyo, hadi akashindwa kushika mwiko. Akaacha kazi akaenda zake Jilore kulima. Miezi miwili, akapona kabisa. Nilimwona Desemba kwenye harusi."

"Amefiwa na mume?"

Dorcas alimtazama kwa mshangao. "Mumewe? Yuko naye huko huko Jilore, mzima, analima naye. Kwa nini afiwe?"

Da Tumu aliinuka akaenda kwenye gunia la unga, akachota kwa kikombe, akaunusa kwa muda mrefu. Kisha akanituma. Niende kwa Fatu nimwambie wifiye anamwita, na asipokuja kwa ajili yake basi aje kwa ajili ya Msellem. Na mamake mdogo apelekewe habari Mambrui.

Fatu alikuja kwa hilo neno la pili. Mamake mdogo alikuja kwa kuwa hajapata kukosa jambo. Tulikuwa sisi wanne uani, jua la saa nne. Da Tumu alitia maji kwenye makarai mawili. Moja alitia unga. La pili alisugua mche mpaka maji yakawa meupe. Mkono wa kushoto aliutia kwenye unga, wa kulia kwenye mche.

"Kwa nini huo wa kushoto?" nilimuuliza.

"Wa kulia nautaka nilie chakula," alisema.

Alifua hivyo saa nzima, foronya kwa mkono mmoja na leso kwa mkono mwingine, akifikicha kwenye ukingo wa karai. Kazi ya ovyo, povu limetapakaa kila mahali. Mamake mdogo alisema huu ni utoto. Da Tumu akamwambia, "Mama, Msellem amekufa. Hapa nyumbani hayupo, kwenye ukumbi hayupo, mkokoteni wake tumeuuza. Kama ni nyota yake, mikono yote miwili itabaki mizima. Kesho njooni tena."

Wakaja kesho, na kesho kutwa. Siku ya pili hakukuwa na kitu, na nilimwona da Tumu akiugeuza mkono wake juani kama aliyepoteza sindano. Niliogopa. Kwa miaka minne nilikuwa nimeomba mikono ile ipone, na usiku ule nilimwomba Mungu iharibike. Nadhani na yeye aliomba hivyo hivyo.

Siku ya tatu asubuhi aliniita kabla sijapiga mswaki. Katikati ya vidole vya kushoto palikuwa pekundu, na vipele vidogo vidogo vimejipanga. Alikuwa akijikuna na kucheka, kisha akawa akijikuna na kulia. Aliutia tena kwenye unga siku hiyo, nikamsihi asiutie, akautia. Siku ya tano ngozi ilipasuka kwenye maungio, pale pale pa zamani. Mkono wa kulia ulikuwa mzima.

Fatu aliushika mkono ule uliopasuka akausogeza usoni. Halafu akaniomba mafuta ya nazi, akaketi chini, akampaka wifiye kidole kimoja kimoja, polepole, jinsi alivyokuwa ampake hina siku ile.

"Hakuwa yeye," alisema Fatu.

"Hakuwa yeye," alisema da Tumu.

Mamake mdogo alisema ya Mungu ni mengi, akajifunga buibui lake akarudi Mambrui. Lakini nasikia kule alikofika aliyasema yote kama alivyoyaona, hadi ya makarai mawili. Nampa haki yake. Mimi nami nilizunguka sokoni, mkahawa kwa mkahawa, nyumba kwa nyumba walikonunua maji ya Msellem, nikayafuta maneno yangu mbele ya kila niliyedhani ameyasikia. Wengine hawakukumbuka hata kuyasema.

Sasa da Tumu anafua kanzu tu, na chache, kwa mche na maji matamu mwanzo hadi mwisho. Shuka za Dorcas ziko kwangu. Maji matamu ninampelekea mimi, madebe manne, kwa kichwa kwa kuwa sina mkokoteni. Yananiumiza shingo, na sitaki anionee huruma.

Jana nilipotua debe la mwisho nilimkuta ameketi, ameuweka ule mkono wa kushoto pajani. Alama zimebaki, hazitatoka. Nikamuuliza kama bado unauma.

"Hauumi," alisema. Akalifunika debe kwa kawa. "Yule wa zahanati aliniambia wiki mbili, Shekha. Wiki mbili tu nisiguse maji. Ningalikaa wiki mbili, Msellem angaliona kwa macho yake, angalirudi kulala ndani."

Nikamwambia tulikuwa na shuka.

"Ndiyo," alisema. "Tulikuwa na shuka."